Nimefuta, Mama

Kidole gumba cha Nthiga kilikuwa kimedanganya watu wengi kuliko mdomo wake, na mdomo wenyewe haukuwa mvivu.

Ilikuwa hivi. Mtu akimjia harusini amenuna, akalalamika kwamba amepigwa picha akipambana na paja la kuku, Nthiga hakubishana. Alimsogezea kamera, akamwonyesha picha ile kwenye kioo cha nyuma, kidole gumba kikabonyeza, picha ikatoweka. "Nimefuta, mzee." Mzee alishukuru akarudi kwa kuku wake. Kumbe kitufe kile kilikuwa cha kusogeza mbele tu. Picha ilikuwa ingali humo ndani, imetulia, inangoja printa.

Printa ilikuwa nyuma ya hema. Kabla maharusi hawajakata keki, Nthiga alikuwa ametandika turubai la kijani karibu na lango na kupanga picha juu yake kama mtu anayeanika mahindi. Hapo ndipo ilipokuwa akili yake. Picha zilizopendeza aliziweka nyuma. Mbele, mahali ambapo kila mguu unaotoka lazima upite, alimweka shemasi anayepiga miayo katikati ya maombi, shangazi wa bwana harusi aliyefumaniwa akiwa amefumba jicho moja, na mwalimu mkuu anayetia chapati mfukoni. Hakuna mwana wa Adamu anayekubali kuacha uso wake kwenye nyasi wakwe waukanyage. Walinunua upesi, bila kuomba kupunguziwa, na wengine hata walimpa mkono. Nthiga aliiita kazi hiyo huduma kwa jamii.

Kwenye ubao wake wa sampuli alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: PIGA KWANZA, ULIZA BAADAYE. Sehemu ya pili hakuwahi kuitekeleza. Watu wa Manyatta walimwita Piga Kwanza, naye aliitika kama mtu aliyepewa cheo.

Lakini tusimhukumu mapema. Siku yake itafika yenyewe. Baba yake alikuwa mchuma chai, akafa Nthiga akiwa darasa la sita, bila picha hata moja duniani isipokuwa ile ya kitambulisho. Waliikuza kwa ajili ya mazishi. Ilipotoka kubwa haikuwa sura tena, ilikuwa vidoti vya kijivu, ungedhani familia inazika ukungu. Mama yake aliubeba ukungu huo ndani ya fremu mbele ya jeneza, akilia. Siku ile Nthiga aliapa kwamba maadamu yeye yu hai, hakuna mtu wa pande zile atakayekufa bila sura. Kilikuwa kiapo kizuri. Ubaya wa viapo vizuri ni kwamba haviulizi mtu mwingine maoni yake.

Agosti iliyopita, Munyi mwenye bucha alimwoza binti yake, na chakula kilipikwa na kikundi cha akina mama ambacho mwenyekiti wake ni Nelius, mama mmoja mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Wote walivaa aproni za manjano zilizoandikwa kifuani, kwa herufi za kuonekana mbali, AKINA MAMA WA IMANI, MANYATTA. Miongoni mwao alikuwamo mmoja aitwaye Susan, aliyekuwa amehamia pale mwaka juzi na mtoto mgongoni na begi moja. Alikuwa anapakua pilau. Mwenzake akasema jambo la kipumbavu kuhusu bwana harusi, Susan akacheka, jua likapenya kati ya maturubai mawili ya hema na kumwangukia yeye peke yake, na mvuke wa sufuria ukapanda mbele yake. Mpiga picha akiona kitu kama hicho hafikirii. Nthiga alipiga mara nne.

Susan alisikia mlio wa kamera. Akainua upawa akauficha uso nao, lakini upawa ni mdogo na alikuwa amechelewa. Aliuacha mstari wa wageni na sahani zao mikononi, akaja hadi kwake.

"Baba, hiyo picha uitoe."

Nthiga alimwambia imetoka vizuri mno, kwamba hata wazungu wangeinunua.

"Sijakuuliza kama ni nzuri. Mimi sina picha popote, na nataka iwe hivyo. Tafadhali."

Hakupandisha sauti. Alisimama tu, upawa unadondosha mafuta kwenye nyasi, mpaka Nthiga aliposogeza kamera karibu. Kidole gumba kikafanya kazi yake.

"Nimefuta, mama."

Aliangalia kioo kwa muda mrefu kuliko watu wengine. Kisha akasema asante mara mbili, na Nthiga akawahi kujiuliza, kwa muda wa kupepesa jicho, ni picha gani inayomfanya mtu ashukuru mara mbili kwa kufutwa. Halafu bibi harusi akaingia na swali likamtoka.

Picha hiyo hata haikufika kwenye turubai. Ilikuwa nzuri mno kwa nyasi. Jioni, pale studioni kwake, Nthiga aliikuza kwenye kompyuta na ndipo akaona kovu: limeanzia chini ya sikio la kushoto, likateremka hadi pembe ya mdomo, limenyooka kama limepimwa kwa rula. Hakujiuliza lilitoka wapi. Alilifuta. Hilo alilifuta kwelikweli, kwa uangalifu, akalainisha ngozi hadi shavu likawa kama la mtoto. Aliwafanyia hivyo akina mama wote, bure. Akaichapa kubwa na kuibandika katikati ya ubao wa sampuli.

Kando yake kulikuwa na picha nyingine aliyoipenda: binti yake Igoki, siku alipojiunga na chuo kikuu Nchiru, amesimama mlangoni mwa hosteli na godoro kichwani. Igoki alikuwa amemwomba aitoe, akasema wenzake wanamcheka. Nthiga alimjibu kwamba sura aliitengeneza yeye na mama yake, kwa hiyo kibali anacho.

Ubao huo ulisafiri. Mara moja kwa mwezi Nthiga aliufunga kwenye kitambaa, akavuka Mto Thuchi, akapita Chuka na Meru, akamshushia Igoki maparachichi na unga pale Nchiru, kisha akaendelea hadi Kangeta kwa siku ya soko. Wafanyabiashara wa miraa ni watu wa kupenda picha. Mtu akishafunga mabunda yake kwa majani ya migomba na pikapu ikaondoka, anabaki na shati safi na muda. Nthiga aliusimamisha ubao karibu na kibanda cha chai, akaweka benchi, na kazi ikamjia.

Ilikuwa Oktoba, yapata saa tano asubuhi, mwanamume mmoja aliposimama mbele ya ubao na asiondoke. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, viatu vimepigwa rangi katika soko lililojaa matope, anatafuna taratibu. Wengine waliopita walimsalimu kwanza. Muuza chai alimwita Kathuri na kumwongezea sukari bila kuambiwa. Pikapu yake nyeupe ilikuwa imeegeshwa pembeni, moja ya zile zinazokimbiza miraa uwanja wa ndege kana kwamba zimeiba barabara.

"Huyu mama anacheka," alisema Kathuri.

Nthiga alikubali kwamba anacheka. Akaeleza habari za jua, na mvuke, na jinsi mpiga picha wa kawaida angeikosa. Kathuri alisikiliza vizuri sana. Hakuna kitu kinachomlevya fundi kama mtu anayesikiliza vizuri. Aliuliza hiyo aproni ni ya wapi, ingawa ilikuwa imeandikwa, na Nthiga akamsomea. Aliuliza kama kikundi hicho ni cha mjini au cha shambani, na Nthiga akamwelekeza hadi kwenye kituo cha kununulia chai, kushoto, kanisa la mabati ya bluu. Na huyu wa godoro je? Huyo, alisema Nthiga kwa kujigamba, ni binti yangu, yuko hapo Nchiru tu, mwaka wa pili, hosteli ile iliyo nyuma ya kibanda cha mitumba.

Kathuri alinyoosha kidole akaligusa shavu la Susan kwenye picha, pale chini ya sikio la kushoto, akateremka nacho polepole hadi pembe ya mdomo.

"Hapa umetoa kitu."

"Nilisafisha kidogo."

"Ulisafisha," alisema Kathuri. "Kazi nzuri. Hata haijulikani."

Alitaka kuinunua. Nthiga alisema sampuli haziuzwi, halafu akaiuza. Kathuri aliketi kwenye benchi, akaiweka picha juu ya goti, akaikunja, akaikunjua, akaichana. Alichana polepole, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto anayekata karatasi shuleni. Aliondoa akina mama wawili waliokuwa kando ya Susan, akawaacha kwenye benchi. Akaondoa sufuria. Akabaki na yeye tu, aproni na kicheko, akamtia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Gatwiri," alisema, si kwa Nthiga. Akanywa chai yake ikaisha, akalipa, akapanda pikapu. Haikuwa na hata bunda moja la kupeleka uwanja wa ndege, lakini ilishika barabara ya Meru kwa kasi ileile.

Nthiga alibaki akiangalia wale akina mama wawili wa karatasi kwenye benchi. Kidole kile kilichoteremka kwenye shavu kilikuwa kimepita njia ya kovu bila kukosea hata unywele, na kovu halikuwapo. Mtu anawezaje kufuata barabara iliyofutwa? Anaweza ikiwa aliichimba mwenyewe.

Hakuwa na namba ya Susan. Alikuwa na ya Nelius. Simu ya kwanza iliita ikakatika, ya pili vivyo hivyo, na Nthiga akawa anahesabu kichwani: pikapu imefika Nchiru, pikapu imeingia Meru. Ya tatu Nelius akaipokea, amechoka, yuko kwenye foleni ya kupima majani ya chai.

Nthiga alimwambia kuna mama mmoja wa kikundi chake anafuatwa na mtu mbaya wa Kangeta mwenye viatu safi, na amkimbilie sasa hivi. Nelius akauliza ni mama yupi. Nthiga hakumjua jina. Wakati ule hakuuliza, yeye hupiga kwanza. Ni yule aliyepakua pilau kwa Munyi. Nelius alimwambia walikuwa tisa.

"Nitumie picha yake hapa kwa simu nimwone," alisema Nelius. "Si unazo?"

Alikuwa nazo. Alikuwa nazo zote nne, na simu ya Nelius ilikuwa na kundi la WhatsApp la kikundi, la kanisa, la wazazi wa shule na la ukoo, na Nelius alikuwa mama wa kusambaza. Kidole gumba kilifika juu ya picha kikasimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita Nthiga alikataa kumwonyesha mtu picha.

"Hapana. Wacha nikueleze alivyo."

Hapo ndipo alipogundua jambo la aibu. Hakujua kueleza. Alikuwa ametazama nyuso kuliko kinyozi, kuliko askari wa magereza, na sasa akiambiwa aeleze uso mmoja alisema ana macho. Alisema mwanga ulitoka kushoto. Alisema ni wa kimo cha kawaida, amevaa aproni ya manjano. Nelius alimwuliza kama amelewa.

Alifumba macho, akajaribu kumwona Susan pale, upawa unadondosha mafuta. Hakuja. Kilichokuja ni ile kazi ya jioni kwenye kompyuta, kidole kikisugua na kusugua.

"Ana kovu," alisema. "Kutoka sikioni hadi mdomoni. Upande wa kushoto."

Ikasikika sauti ya kikapu cha chai kinachowekwa chini.

"Huyo ni Susan," alisema Nelius. "Nthiga, alituambia ulimfutia. Alirudi kwa sufuria akatuambia, yule baba wa picha ni mtu mzuri, amenifutia."

Simu ikakatwa.

Nthiga alifunga ubao kwenye kitambaa na kukaa kando ya barabara na simu mkononi. Hakupiga mtu picha. Mteja mmoja alijaribu kumbembeleza, akaona uso wake, akaenda. Saa nane na dakika kumi Nelius alipiga.

Alisema Susan hakuuliza swali lolote. Alisikia tu kwamba ni mtu wa Kangeta mwenye viatu safi, akazima jiko, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua lile begi moja. Lilikuwa limepangwa tayari; lilikuwa limepangwa mwaka mzima na zaidi. Akina mama wanne walimsindikiza kupitia mashamba ya chai mahali ambapo gari halipiti.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Nthiga.

"Usiniulize wapi," alisema Nelius. "Wewe hasa, usiniulize kamwe."

Walikuwa bado wanafagia ile nyumba pikapu nyeupe ilipofika. Kathuri alisalimia kila mtu kwa adabu. Aliuliza habari ya shangazi yake mgonjwa, aitwaye Gatwiri, wakasema hapa hakuna Gatwiri, na hilo lilikuwa kweli tupu, hawakuwahi kumjua kwa jina hilo. Akaomba maji. Akanywa amesimama, akiangalia jiko. Halafu akainama akaligusa kwa kiganja, likiwa bado na joto, akatabasamu, akasema asanteni kwa maji.

Nelius alipeleka habari kwa chifu. Chifu aliandika yote kwa mwandiko mzuri, akasema hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetishwa, na kunywa maji si kosa. Akiumiza mtu, walete ripoti.

Nthiga alirudi Manyatta na kufanya mambo mawili. Alifuta picha zile nne, kwenye kamera, kwenye kompyuta na kwenye simu, na safari hii kidole kilibonyeza kitufe chenyewe, kamera ikauliza kama ana hakika, akasema ndiyo kwa sauti ingawa hakukuwa na mtu. Kisha akapaka rangi juu ya yale maandishi mekundu. Harusi iliyofuata alianza kuwauliza wageni kama anaweza kuwapiga. Walimwona mtu wa ajabu. Mzee mmoja alimwuliza anataka kuficha nini, maana mwizi ndiye anayeanza na tafadhali. Shemasi yule wa miayo alihisi amedharauliwa kwa kuulizwa, akakataa, kisha akaja kulalamika kwamba hakupigwa. Nthiga alivumilia. Picha ya Igoki pia aliitoa ubaoni, akaiweka kwenye droo.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Kathuri aliingia studioni. Alipangusa viatu mlangoni. Aliketi kwenye kiti cha kupigia picha za paspoti, mbele ya lile pazia la bluu, mikono magotini, kama mteja.

"Ulizipiga ngapi siku ile?" aliuliza.

"Moja."

"Mpiga picha hapigi moja."

Nthiga alisema zilikuwa nne na amezifuta zote. Kathuri akaomba kuona. Akapewa kamera, akazipitia picha moja moja, bila haraka, harusi nzima, hadi mwisho. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Ni kweli umefuta. Haidhuru. Ninachotaka ni kidogo. Yule mama mwenyekiti anajua mke wangu ameenda wapi. Mimi hataniambia. Wewe ni mtu wa hapa, mzee wa watu, unaingia kila boma kwenye sherehe. Sikuharakishi. Siku ya soko utakuja Kangeta kama kawaida, tutakunywa chai, utaniambia."

Nthiga alisema hajui na hatauliza. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka, lakini ilitoka.

Kathuri alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akatoa simu mfukoni, akatafuta kitu, akaigeuza.

Igoki alikuwa amesimama kwenye kibanda mjini Nchiru, amevaa sweta la kijani alilolileta mama yake, anachagua parachichi, analibonyeza kwa kidole. Hakuwa ameangalia kamera. Nyuma yake kulionekana mlango wa hosteli na namba ya chumba kwa chaki. Mwanga ulitoka kushoto. Ilikuwa picha nzuri, na Nthiga alichukia kwamba aliona hivyo.

"Ulimwomba ruhusa?" aliuliza.

"Si ubao wako ndio ulinifunza?" alisema Kathuri. "Naona umepaka rangi. Lakini mimi nilikuwa nimeshasoma."

"Ifute hiyo. Nakuomba. Ni mtoto."

Kathuri hakuonekana kukasirika. Akainuka kutoka kwenye kiti, akaja karibu, akamsogezea simu usoni ili aone vizuri, na kidole gumba kikapita juu ya kioo, kwa wepesi, pembeni. Igoki akatoweka. Pakaja picha ya migomba.

"Nimefuta, mzee."

Akatoka, akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Katika tarafa nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyejua vema kuliko Nthiga kile kilichofanywa na kidole hicho. Alisubiri mpaka mlio wa pikapu uliposhuka bonde. Namba alikosea mara mbili. Igoki alipopokea alikuwa darasani, ananong'ona, akauliza baba vipi.

"Sikiliza, mama," alisema Nthiga. "Funga begi, utoke hapo saa hii. Pitia nyuma. Enda kwa mtu ambaye mimi simjui."

Igoki aliuliza kumetokea nini, na akifika ampigie amwambie yuko wapi.

"Hapana," alisema Nthiga. "Usiniambie."